Mwanzagata Tuko Tayari Asilimia Mia

Jumatatu, 1 Julai 2013

Nimerudi kutoka Bariadi nina vumbi mpaka kwenye meno. Sijali! Leo nimenunua daftari hili maalumu, kwa sababu mambo makubwa yameanza, na mtu anayeelekea kuwa mkubwa lazima aweke kumbukumbu.

Mkoa mpya, mambo mapya. Kapteni Marcelo, mshauri wa mgambo wa wilaya, alituita makamanda wa mgambo wa kata zote. Akatutangazia kwamba taarifa za makaratasi basi. Sasa kuna Mfumo wa Tathmini ya Utayari. Uko kwenye mtandao. Kamanda unaingia, unajaza una askari wangapi, wangapi wamefunzwa, vifaa gani, usafiri gani. Mfumo unapiga hesabu wenyewe, unatoa asilimia na rangi. Nyekundu ni hali mbaya. Njano ni katikati. Kijani ni tayari kwa lolote.

Halafu akasema jambo lililonitoa usingizini. Anatafuta msaidizi. Kamanda wa kata atakayeonekana kuwa hodari kwenye mfumo huu atahamia Bariadi mjini, apewe meza, pikipiki na kiti kile cha kuzunguka. Nilikiona kile kiti kwa macho yangu. Nilikikalia wakati wa chai. Kinazunguka kweli.

Klementina Sayi, kamanda wa Sapiwi, alinyoosha mkono akauliza askari aliye tayari ni yupi hasa. Kapteni akajibu kwamba ni aliyefunzwa, mwenye vifaa, na akiitwa anafika uwanjani ndani ya masaa mawili. Klementina akaandika. Kila kitu anaandika! Nilicheka kimoyomoyo. Mtu anayeuliza maswali hajui kazi.

Jumanne, 2 Julai 2013

Nimerudi tena Bariadi, kwa Gloria, mwenye steshenari jirani na stendi. Ana kompyuta mbili za intaneti na mashine ya fotokopi. Nikaingiza neno la siri. Nikaulizwa askari walioandikishwa. Daftari la mafunzo la mwaka 2004 lina majina sitini na mawili. Nikaandika 62. Nikaulizwa walio tayari leo. Nikahesabu kwa vidole. Kumi na wanne. Nikaandika 14.

Mama yangu! Kioo kizima kikawa chekundu. Asilimia ishirini na mbili. Nyekundu kama damu ya kuku! Nilishtuka nikasukuma kiti nyuma, nikamkanyaga mteja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti. Mimi, Januarius Bujiku, nyekundu?

Nikamuuliza Gloria kama rangi inaweza kuondolewa. Akasema rangi inafuata namba, yeye hana mamlaka. Haya. Nikarudi kwenye namba.

Nikajiuliza kwa utulivu. Mtu niliyemfundisha kwata mwaka 2004, je, kwata imemtoka? Haiwezi kutoka. Kwata ni kama kuendesha baiskeli. Basi wote sitini na wawili wamefunzwa. Wengine wamehama, kweli. Wengine sijawaona siku nyingi. Lakini kutomwona mtu si ushahidi kwamba hayupo tayari. Nikafuta 14, nikaandika 62.

Viatu. Mfumo unauliza jozi ngapi, hauulizi viatu vya nini. Buti tuna jozi tisa. Lakini nani Mwanzagata hana katambuga? Tena tairi halitoboki kirahisi. Nikaandika 62. Silaha za mkononi: kila nyumba ina fimbo na upinde. 62. Vyombo vya usafiri: mikokoteni ya ng'ombe kumi na moja. Vifaa vya mawasiliano: filimbi moja, anayo Salu, nikaandika mtambo mmoja.

Kikatokea kijani! Kijani kibichi, kama mpunga baada ya mvua. ASILIMIA MIA MOJA. Mfumo ukataka majina. Nikayanakili yote kutoka kwenye daftari la 2004, moja baada ya jingine, kwa kidole kimoja, mpaka mgongo ukaniuma. Gloria akauliza kama kweli Mwanzagata tuna jeshi kubwa hivyo. Nikamwambia ulinzi wa taifa hauzungumzwi steshenari. Nikabofya tuma.

Jumatano, 3 Julai 2013

Wa kwanza! Wa kwanza wilaya nzima!

Kapteni amepiga simu mwenyewe. Mwanzagata asilimia mia, wa pili yuko mbali, sabini. Sapiwi ya Klementina? Thelathini na moja. Nyekundu! Ana watu kumi na tisa kati ya sitini na ameandika hivyo hivyo, kumi na tisa. Binadamu gani anajichongea mwenyewe?

Nikampigia kumpa pole, kama jirani mwema. Akanishukuru. Akauliza kaka Januarius umewapata wapi watu sitini na wawili msimu huu wa pamba, wakati kila mtu yuko kwenye mzani. Nikamwambia ni uongozi.

Nimemwambia mke wangu Elina aanze kufunga vyombo, tunahamia mjini. Akaniuliza nani atapeleka pamba kituoni. Pamba imejaa chumbani mpaka darini, tunalala juu yake, na mawakala wa kampuni tatu wanapita kila siku kutubembeleza. Nikamwambia mke wa afisa hazungumzii pamba. Akaendelea kuchambua pamba.

Nimekwenda kumwambia hata Jenerali. Huyu ni maksai wangu, mwekundu, pembe zimekaa kama usukani wa baiskeli, hakuna wa kumfikia kwa kuvuta mkokoteni. Alinisikiliza vizuri kuliko Elina.

Alhamisi, 4 Julai 2013

Nimepigwa na butwaa.

Saa nne asubuhi lori la wilaya lilitokea barabarani. Limejaa. Nikaona buti mpya zimefungwa jozi jozi. Makoti ya mvua! Baiskeli, nadhani kumi! Nikavaa kombati haraka, nikasimama kando ya barabara, nikapiga saluti. Lori likanipita. Halikupunguza hata mwendo! Nikabaki na saluti yangu ndani ya vumbi.

Limeenda Sapiwi. Kwa Klementina!

Nikampigia Kapteni, nikamweleza kwamba dereva wake amepotea njia. Kapteni akacheka. Akanieleza polepole, kama anayemweleza mtoto, kwamba vifaa wanapewa wenye upungufu, na Mwanzagata mfumo unasema hatuna upungufu wa chochote. Viatu jozi sitini na mbili! Akanipongeza tena.

Halafu likaja la pili, zito kuliko la kwanza. Akasema kwamba kata zenye kijani ndizo zinazopewa kazi. Huko Bukundi tembo wametoka porini wanaingia mashambani, maafisa wa wanyamapori wamezidiwa. Jumatatu anakuja na malori mawili na mama mmoja kutoka mkoani. Atatoa amri saa tatu asubuhi. Kufikia saa tano anataka kuwaona sitini na wawili uwanjani. Kisha wanapanda malori, siku kumi Bukundi, kufukuza tembo.

Tembo!

Nikamjibu ndiyo afande. Ulimi ulijibu wenyewe, mimi sikuwepo.

Ijumaa, 5 Julai 2013

Siku ya kuzunguka. Katambuga ya kushoto imekatika.

Nimeanza na kumi na wanne wangu. Wa kwanza anapima pamba kwa wakala, akasema akiondoka kwenye mzani nafasi yake inachukuliwa papo hapo. Wawili wameenda Mwanza. Mmoja ana mguu kwenye plasta. Waliobaki walipenda kuja mpaka nilipotaja tembo. Salu peke yake amekubali, na yeye ni kwa sababu anaipenda ile filimbi.

Nikaenda kwa wacheza ngoma, vyama vyetu viwili vya mahasimu, Bagika na Bagalu. Bagika wana vijana thelathini wanaokwenda kwa hatua moja kuliko askari yeyote. Kiongozi wao akasema watakuja ikiwa Bagalu hawatakuwepo. Nikaenda kwa Bagalu. Wakasema watakuja ikiwa Bagika watakaa nyuma yao. Nikarudi kwa Bagika. Kufikia jioni nilikuwa nimeahidi kila upande kukaa mbele, na pande zote mbili zimegundua. Sasa hakuna anayekuja, na wanasema mimi nina dawa ya kuwagombanisha.

Nikalazimika. Nimekwenda Sapiwi, kwa Klementina. Niliumia rohoni kila hatua. Nikamkuta uwanjani na watu wake kumi na tisa, wote na buti mpya, wanajifunza kugeuka nyuma. Nikamwomba aniazime watu. Akakataa, akasema Kapteni anawajua kwa sura. Lakini akanikaribisha kiti, akanipa maji ya kunywa, akasema kaka, mpigie Kapteni leo, mwambie namba ilikosewa. Nyekundu si aibu, akasema, nyekundu ni kuomba msaada.

Si aibu! Yeye ana buti mpya, atajuaje aibu? Nikamaliza maji, nikaondoka bila kuaga vizuri.

Jumamosi, 6 Julai 2013

Nimepata! Nimepata! Nilikuwa nakamua ng'ombe, nikaruka, maziwa yakamwagika.

Mwano!

Miaka miwili iliyopita wezi walipoingia zizi la jirani yetu, alitoka nje akapiga mwano mmoja tu, ule ukelele wetu wa kuibiwa ng'ombe. Sikio lililosikia liliupokea, likaupeleka mbele. Kabla uji haujachemka, uwanja ulikuwa umejaa wanaume wenye fimbo na mishale. Hakuna aliyeuliza malipo. Hakuna aliyeuliza Bagika wala Bagalu. Mwano ukilia unatoka, hata kama uko msalani. Asiyetoka, sungusungu, walinzi wetu wa jadi, wanamtoza faini.

Sasa jamani, huo si utayari? Kapteni anataka masaa mawili. Mimi nitampa nusu saa! Na mwano hausemi neno lolote. Ni sauti tu. Nani atasema Januarius amedanganya?

Nikamweleza Elina. Aliweka mwiko chini. Akasema Baba Goodness, hilo halifanywi. Akasema mtu akipiga mwano pasipo mwizi anakuwa mbaya kuliko mwizi, kwa sababu mwizi anaiba ng'ombe mmoja, huyu anaiba masikio ya watu wote. Wanawake wanapenda kukuza mambo. Nikamwambia hili ni jambo la kitaifa.

Halafu akaniuliza kama Jenerali bado ni wetu. Swali gani hilo? Nikamwambia yuko zizini, hajaenda popote. Akachukua mwiko wake.

Jumapili, 7 Julai 2013

Saba Saba. Ibada imekuwa ndefu. Mchungaji amehubiri kuhusu msimamizi mwaminifu, nikaona kama ananiangalia kwa heshima.

Baada ya ibada nimechora alama sitini na mbili uwanjani kwa majivu, mistari miwili. Nimeandika hotuba. Nimeshona katambuga. Kiti cha kuzunguka, nakuja!

Jumatatu, 8 Julai 2013

Mungu wangu. Mungu wangu. Mungu wangu.

Acha nianze mwanzo. Saa tatu kamili Kapteni Marcelo amefika na malori mawili. Mama wa mkoani, mama Justo, ameweka kompyuta yake ndogo kwenye boneti ya gari. Kapteni akatazama saa, akatoa amri. Nikapiga saluti, nikaenda nyuma ya ghala la pamba, mikono mdomoni, pumzi kutoka kitovuni, nikaachia.

Niseme ukweli, ulikuwa mwano mzuri. Salu akaongeza filimbi. Upande wa kijiji sauti ikapokelewa. Halafu kilimani. Halafu mbali zaidi. Nikarudi kwa Kapteni, nikasimama kwa maringo.

Dakika ishirini, vumbi. Kwanza kumi, halafu thelathini. Wanaume wanakimbia na pinde, wengine wana povu la sabuni masikioni. Yule mpima pamba ameacha mzani na mbuzi wameingia kwenye pamba ya wakala, nilisikia kelele. Bagika wakaja. Bagalu wakaja. Kapteni akaanza kutabasamu. Mia. Mia mbili! Mama Justo alikuwa anahesabu kwa kalamu, akaacha kuhesabu. Akajaribu kuingiza namba kwenye mfumo, mfumo ukakataa. Ulisema walio tayari hawawezi kuzidi walioandikishwa. Nikavimba kifua mpaka kifungo cha kombati kikakatika.

Hapo ndipo nilipoanza kuona sura nisizozijua. Watu wa kata ya pili. Watu wa kata ya tatu! Kumbe mwano haujui mpaka wa kata. Kila aliyesikia ameupokea, umekwenda, umekwenda. Na barabarani, kwa mwendo wa mchakamchaka, mistari imenyooka, buti mpya zinapiga chini kwa pamoja: Klementina na kumi na tisa wake. Kutoka Sapiwi! Kwa kuniokolea ng'ombe mimi!

Karibu watu mia nne. Kapteni akanishika bega. Akasema hajawahi kuona kitu kama hiki. Akaniuliza, sasa wale sitini na wawili wako ni wapi, waje wapande.

Kabla sijajibu, umati ukafunguka. Mzee Mashimba akapita katikati, mtemi wa sungusungu, mguu mmoja na kiatu, mwingine pekupeku. Mikono yake ilikuwa na damu mpaka kwenye viwiko. Alikuwa anamzalisha ng'ombe wake, ndama amekaa vibaya, na alisikia mwano akamwacha. Hakumwangalia Kapteni. Akauliza nani kapiga mwano. Akauliza ng'ombe wa nani, wangapi, wameelekea wapi.

Watu mia nne wakanyamaza kwa wakati mmoja. Sijawahi kusikia kimya kikubwa hivyo mchana.

Nikasema lilikuwa zoezi.

Mzee Mashimba akaniuliza, ng'wanawane, mwanangu, ina maana hakuna ng'ombe aliyeibwa? Nikasema hakuna, namshukuru Mungu. Nikategemea atafurahi. Mzee akakaa chini, pale pale mavumbini, juu ya mojawapo ya alama zangu za majivu. Akaitazama mikono yake.

Kapteni alikuwa haelewi bado. Akachukua orodha yangu aliyoichapisha kutoka kwenye mfumo, akaanza kuita majina, kila mtu asimame kwenye alama yake. La kwanza kabisa: Luhaga Nyanda. Akaita tena, kwa sauti ya kijeshi. Luhaga Nyanda!

Akajitokeza Justina. Mke wa Luhaga. Alikuja na fimbo ya kuchungia, nyumbani kwake hakuna mwanaume wa kutuma tena, ndiyo maana mwano ulipolia alitoka mwenyewe. Akasema kwa adabu, afande, mume wangu amefariki, huu ni mwaka wa tano. Akauliza kama serikali imempata.

Wallahi nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwepo kwenye msiba ule! Nilibeba jeneza! Lakini jina lilikuwa kwenye daftari la 2004, la kwanza, na nilikuwa nanakili haraka.

Kapteni akakunja karatasi mara nne. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Akamwendea Klementina, akazungumza naye kidogo. Klementina akasema watu wake wako kumi na tisa tu na wako tayari. Akauliza umati nani mwingine yuko tayari kwenda Bukundi kuwasaidia wakulima wenzao. Alisema wazi kwamba ni tembo. Mikono arobaini na tatu ikanyooshwa. Hata Bagika! Hata Bagalu!

Kumi na tisa na arobaini na tatu. Mama Justo akajumlisha kwa sauti. Sitini na wawili.

Malori yameondoka saa tano kasoro. Nilipiga saluti. Vumbi lile lile.

Jumanne, 9 Julai 2013

Sungusungu wamekaa. Walinipigia mchenya, ile faini yetu ya jadi. Dume moja lichinjwe, liliwe na wote niliowasumbua. Na nitengwe. Hakuna kunisalimu, hakuna kunipa moto, hakuna kunisaidia kupakia pamba, hakuna kuniuzia hata chumvi. Nikauliza dume lipi. Watu wote wakanitazama kama nauliza jua linatoka wapi.

Nina dume moja tu.

Ndama wa Mzee Mashimba amekufa. Hakulitaja mkutanoni. Nimelisikia kutoka kwa Elina.

Niliporudi nyumbani nikamkuta Elina amekwisha kumwogesha Jenerali na kumfunga kamba mpya. Akasema alijua tangu Jumamosi. Sasa kama alijua, mbona hakusema? Nimeudhika sana.

Alhamisi, 11 Julai 2013

Jana wamemla Jenerali. Nimesikia harufu ya mchuzi kutwa nzima. Nilipeleka bakuli, likarudishwa tupu, limeoshwa.

Sikujua kutengwa kuko hivi! Nilidhani ni kupumzika kelele. Nimetoka asubuhi nikamsalimu Salu, mwangaluka. Salu! Akatazama mti. Mwangaluka ya bure, haina gharama, mtu anakunyima! Mawakala wa pamba wa kampuni zote tatu wameruka nyumba yangu, wanapitia kwa Elina uani. Elina hajatengwa, yeye wanamsalimu mpaka anachoka. Jirani alimwambia Elina mbele yangu amwambie mume wake mbuzi wetu wameingia kwenye viazi. Nilikuwa nimesimama hatua mbili!

Nimeongea na zizi. Halina mtu.

Barua ya Kapteni imefika. Ukamanda basi. Klementina akirudi kutoka Bukundi anahamia Bariadi. Meza, pikipiki. Kiti. Nilisoma neno kiti nikalia, naandika bila kuficha.

Jumamosi, 13 Julai 2013

Kumbe kuna mlango! Mzee Mashimba ametuma neno kupitia Elina. Kutengwa kunakwisha siku nitakayompelekea katibu wa sungusungu karatasi yenye majina kumi ya watu walionisamehe kwa moyo. Nipite nyumba kwa nyumba niombe msamaha kwa mdomo wangu. Anayeombwa msamaha anaruhusiwa kunijibu. Akasema nianze na Justina.

Kumi tu! Nikatoka mbio.

Nimemkuta Justina uani anaanika pamba kwenye turubai. Nikasimama langoni. Akaacha kazi, akafuta mikono, akanitazama, akasubiri. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikamuuliza kama amepata mnunuzi mzuri.

Justina akaendelea kunitazama kidogo. Halafu akainama, akarudi kwenye pamba yake.

Nikarudi nyumbani. Elina aliniona usoni, hakuuliza. Amenitengea chakula, akala na mimi. Usiku sitalala vizuri, najua.

Jumapili, 14 Julai 2013

Leo nimeamka mtu mpya! Akili imerudi.

Nyumba kwa nyumba ni kazi ya mwezi mzima, na watu wana shughuli na pamba, kwa nini niwasumbue tena? Si ndilo kosa lililonifunga, kuwasumbua watu? Mtu anayejifunza harudii kosa. Nimelitoa daftari la 2004 kutoka chini ya godoro. Nimechukua karatasi safi. Juu nimeandika kwa herufi kubwa: WALIONISAMEHE KWA MOYO.

Mzee anataka kumi. Mimi nampa sitini na wawili! Asilimia mia. Akiuliza wamepatikanaje haraka hivi, nitamwambia ni uongozi.

Nimeanza na Luhaga Nyanda. Nimefikiria sana nikaona anastahili kuwa wa kwanza. Katika kata nzima ya Mwanzagata, wiki hii yote, ni yeye peke yake ambaye hajaninyima salamu.